Chai ya Sikitu na Ukurasa wa Themanini na Nane

Nchi yenyewe sitaitaja. Nina pensheni, na pensheni yangu ina masikio. Itoshe kusema kwamba nilikwenda huko kutengeneza saa ya mnara wa posta, kazi ya siku mbili, nikakaa miezi saba, kwa sababu kila nikiiweka sawa Wizara ya Muda ilikuwa inatuma mtu kuirudisha nyuma. Na katika miezi hiyo yote sikuona baya hata moja. Watu wamepangwa vizuri, foleni zina foleni zake, na Rais wao anapendwa sana. Wachache wasiompenda hutafutiwa mahali pa kujifunza kumpenda, malazi na chakula juu ya Serikali. Nchi ngapi zinafanya hivyo?

Nilipofika walikuwa wanajiandaa kwa Sherehe ya Nyasi. Sherehe hiyo huja kila baada ya miaka mitano. Rais hukaa kwenye kiti katikati ya uwanja, bendi hupiga, Jaji Mkuu humkabidhi fungu la nyasi mbichi zilizokatwa alfajiri, kisha Daktari Mkuu wa Serikali hupiga goti na kumkata kucha za miguu, zote kumi, mzinga mmoja kwa kila ukucha. Baada ya hapo Rais anaendelea na kazi miaka mitano mingine.

"Maana yake nini?" nilimuuliza mwenyeji wangu.

"Ni Katiba hiyo, baba. Mwisho wa ukurasa wa kumi na tatu na mwanzo wa ukurasa wa kumi na tano."

"Na wa kumi na nne?"

"Huo haupo. Haujawahi kuwepo."

Nikaandika kwenye daftari langu: haujawahi kuwepo. Mimi ni mgeni, na mgeni huandika anachoambiwa.

*

Mwenyeji wangu alikuwa Bi Salhina, karani mstaafu wa posta, mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi wa bluu. Kila Jumamosi alasiri meza yake ya kulia chakula ilifunikwa kitambaa cha plastiki, wakaja wenzake wawili. Mmoja ni Mwalimu Bahebe, aliyefundisha jiografia mpaka mipaka ya nchi ikabadilishwa bila yeye kuambiwa. Wa pili ni Bwana Ngwali, mwenye duka la fotokopi pale sokoni.

Walikuwa wanacheza Mchezo wa Mashujaa. Msinicheke, ni mchezo wa heshima. Kila mchezaji ana shujaa wake kwenye karatasi: jina, nguvu, silaha, uhai. Mmoja wao ni msimulizi, naye ndiye anayesema, "Mmefika kwenye pango, ndani kunanuka." Wenzake wanasema watafanya nini, halafu dadu yenye pande ishirini inaamua kama wamefanikiwa au wameumia. Watu wazima wenye wajukuu wanapigana saa nne nzima na zimwi lisilokuwepo. Nilikwenda siku moja kuangalia Bunge lao nikaona tofauti ni ndogo, isipokuwa mezani kwa Bi Salhina mtu akisema amebeba gunia, aliulizwa lina nini.

Shujaa wa Bi Salhina aliitwa Sikitu Shoka-Mbili. Alikuwa naye kwa miaka ishirini na tisa. Karatasi yake ilikuwa imefutwa na kuandikwa mara nyingi hata sehemu ya uhai ikatoboka, ikazibwa kwa selotepu.

"Watoto wangu wako ng'ambo," aliniambia. "Marehemu alishatangulia. Sikitu ndiye aliyebaki humu ndani ananisikiliza."

Na sasa, baada ya miaka yote hiyo, Sikitu na wenzake walikuwa wamefika kwenye lango la Zimwi lililomeza Mto. Wakilishinda, mto unarudi, vijiji kumi na viwili vinapata maji, hadithi inakwisha. Bi Salhina alikuwa amekwisha kununua kitambaa kipya cha meza kwa ajili ya siku hiyo.

Kitabu chao cha kanuni kilikuwa Toleo la Pili, fotokopi ya fotokopi, iliyotolewa na mashine ya Bwana Ngwali. Nchi nzima ilinakili kwake, kwa sababu zamani mashine ilikuwa moja tu. Na nchi nzima ilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine: shujaa akiishiwa uhai, mchezo unasimama, mwenye shujaa anamiminiwa chai ya moto, anainywa yote huku wengine wamenyamaza kwa heshima, halafu shujaa anaamka na safari inaendelea.

"Ndivyo kanuni inavyosema," alinihakikishia Mwalimu Bahebe, akanionyesha. Ukurasa wa themanini na saba uliishia hivi: *Shujaa akiishiwa uhai kabisa, basi.* Na ukurasa uliofuata ulianza hivi: *atapewa chai ya moto, na asubuhi ataendelea na safari.*

Nikaona ni kanuni ya kiungwana sana. Sikuangalia namba ya ukurasa uliofuata. Nani huangalia?

*

Basi ikatangazwa redioni kwamba Waziri wa Burudani za Kukaa, Mheshimiwa Dokta Mhandisi Chambilecho, atalihutubia taifa. Watu wakakaa.

"Ndugu wananchi," alisema Waziri, "kwa muda mrefu mmekuwa mkitumia vitu vyenu wenyewe bila usimamizi. Serikali imesikia kilio chenu, hata kabla hamjalia."

Akaeleza kwamba Serikali imetoa Toleo la Tano la Mchezo wa Mashujaa, la kisasa, bure kabisa. Katika toleo hilo shujaa akikutana na zimwi anajaza fomu ya kuomba kupigana, na zimwi lina siku tisini za kujibu.

"Wapo wanaopenda Toleo la Pili," aliendelea. "Hatujawakataza! Sisi si watu wa kukataza. Tumewawekea mazingira wezeshi."

Mazingira wezeshi ilikuwa programu ya simu. Kuanzia mwezi ule, meza yoyote ya Toleo la Pili ilitakiwa kuingiza mashujaa wake na historia yao yote ndani ya programu hiyo, na kulipia kila mwezi. Kifurushi cha Shaba kilikuruhusu kurusha dadu, lakini si kuona imeangukia namba gani. Cha Fedha kilikuonyesha namba, ila zile ndogo tu. Cha Dhahabu kilionyesha zote, baada ya tangazo la sabuni. Cha Almasi kilikuwa cha viongozi, nao walipewa bure kwa kuwa wana majukumu mengi.

"Kwa hiyo nilipie kitabu nilichonacho kabatini," alisema Bi Salhina mbele ya redio.

"Hulipii kitabu, dada," alijibu Bwana Ngwali. "Unalipia kuruhusiwa kuwa nacho."

"Ahaa. Hapo sawa."

Akauza kuku watatu, akanunua Dhahabu.

*

Wiki mbili walikaa wakiingiza historia. Mwalimu Bahebe alisoma kutoka kwenye madaftari yake, Bi Salhina akabonyeza kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayegonga mhuri. Walipofika Daraja la Kamba, mwaka wa pili wa mchezo, Sikitu aliposukumwa bondeni na majangili, simu ikatoa mlio.

*Ndugu mteja, mhusika wako SIKITU SHOKA-MBILI amefariki dunia. Rejea Toleo la Pili, ukurasa wa 88. Matendo yote aliyotenda baada ya tarehe hii yamefutwa. Asante kwa kuchagua huduma zetu.*

Bi Salhina akaisogeza simu karibu na miwani.

"Amefariki vipi?" alisema Bi Salhina. "Si alikunywa chai?"

"Alikunywa," alisema Mwalimu Bahebe. "Mimi mwenyewe nilimimina."

"Miaka ishirini na saba! Na Kijiji cha Wasusi tulichokiokoa je?"

Mwalimu akaangalia simu. "Kimeungua. Kinaungua sasa hivi, hebu ona."

"Na wale yatima niliowatoa mgodini?"

"Dada Salhina, usisome zaidi."

Wote wawili wakamgeukia Bwana Ngwali, ambaye alikuwa anakagua kitambaa cha meza kana kwamba ana mpango wa kukinunua.

"Ngwali," alisema Bi Salhina. "Ukurasa wa themanini na nane uko wapi?"

"Ile mashine ilikuwa na tabia," alisema Ngwali. "Mara mojamoja ilikuwa inavuta karatasi mbili kwa pamoja. Mimi nimlaumu nani? Ilikuwa mpya, kila mtu anaiamini. Wiki ileile, kitabu hiki kiko mezani, askari wakaniletea na Katiba. Ile yenyewe ililoa kwenye mafuriko ya Nyaraka za Taifa, walitaka nakala kabla haijaoza. Niliwapa nakala. Hawakulalamika."

Bi Salhina alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

*

Kesho yake nilimsindikiza ofisi ya rufaa ya Wizara. Tulipata namba ya foleni, kisha tukapanga foleni ya namba hiyo. Dirishani alikaa karani mmoja mwenye sauti ya mtu anayesoma majina ya waliofeli.

"Shida?"

"Shikamoo... ah, hapana, wewe ni mdogo. Hujambo, mwanangu. Shujaa wangu ameambiwa amekufa."

"Pole. Ufufuo ni Almasi. Una cheo?"

"Sina."

"Basi pole tena."

"Ninaomba kuuona huo ukurasa."

"Kuona ukurasa ni huduma, mama. Chukua namba ya malipo."

Alilipa. Ukurasa wa 88 ukatoka, safi, kutoka kwenye kitabu halisi. Akausoma kwa sauti ya chini: *Shujaa akiishiwa uhai kabisa, basi* amekufa. Wenzake watamzika, na mchezaji ataanza na shujaa mpya. Chini yake kulikuwa na kichwa cha habari kingine, *Kulala Nyumba ya Wageni*, na mstari wa mwisho wa ukurasa: *Msafiri aliyechoka akibisha hodi,* na ukurasa wa 89 ukaendelea: *atapewa chai ya moto.*

Taifa zima, miaka yote ile, lilikuwa linafufua maiti kwa kanuni za gesti.

Niligeuka nimsaidie kutoka, lakini macho yake yalikuwa kwenye orodha iliyobandikwa dirishani: *Matoleo ya Zamani Yanayopatikana.* Mkandarasi wa programu, mpwa wa Waziri, alikuwa analipwa kwa kila ukurasa anaouingiza, kwa hiyo alizoa kila kitabu kikuukuu alichokikuta Nyaraka za Taifa. Mapishi ya Jeshi. Ratiba ya Treni, ya reli iliyokwisha kuuzwa. Na pale chini: Katiba, Toleo la Kwanza. Ilikuwa imeloa kweli, lakini kumbe ilianikwa, ikakauka.

"Mwanangu," alisema Bi Salhina, "naomba na ukurasa wa kumi na nne wa hiki cha mwisho."

Karani hakuinua hata macho. "Rangi au nyeusi?"

"Nyeusi inatosha."

Aliusoma palepale amesimama. Akaukunja mara nne, akauweka kifuani. Sikuuliza. Mimi nilikuja kutengeneza saa.

*

Programu ile ilikuwa na sifa moja ambayo haikutangazwa: ilijua nani amefungua ukurasa gani. Siku ya tatu Waziri Chambilecho alikuja mwenyewe nyumbani, na magari manne, akaketi kwenye kiti cha Mwalimu Bahebe.

"Mama yangu," alisema kwa upole, "nimesikia umefiwa."

"Nimefiwa, mheshimiwa."

"Serikali inalia na wewe. Na Serikali haitaki ulie. Jumamosi, kwenye Sherehe ya Nyasi, tutatangaza Sheria ya Kurasa Zisizokuwepo. Ukurasa ambao wananchi hawajawahi kuwa nao, haupo. Kilichofanyika bila ukurasa huo kimefanyika kihalali. Sikitu yu hai, tena Almasi, maisha. Wewe utapanda jukwaani, utasoma mistari hii miwili, basi."

"Kwa nini mimi? Si mtangaze wenyewe?"

Waziri akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayependa kueleza akili yake. "Tukianza na mambo ya juu, watu watasema siasa. Lakini bibi mstaafu na shujaa wake wa karatasi! Nani atapinga, mama? Kila nyumba nchi hii ina shujaa aliyekunywa chai. Wakishakubali kwako wamekubali kote."

"Na nisiposoma?"

"Utakuwa umeua mashujaa wa taifa zima. Watoto wa jirani watakuangaliaje?" Akasimama, akatengeneza tai. "Ule ukurasa mwingine utaniletea Jumamosi hiyohiyo. Hauna kazi kwako."

Alipoondoka, Bi Salhina aliitoa karatasi ya Sikitu, akailaza mezani, akakaa anaipapasa pale penye selotepu.

"Jumamosi ndiyo tulikuwa tufungue lango," aliniambia. "Anao uwezo wa kulishinda lile zimwi, unajua. Shoka zote mbili zina moto."

"Basi soma hiyo mistari, bibie. Mistari miwili tu."

"Ndiyo," alisema. "Miwili tu."

Jioni akaenda dukani kwa Ngwali. Niliwasikia wakibishana.

"Pande mbili," alikuwa anasema Ngwali. "Upande huu themanini na nane, upande wa pili ule mwingine. Karatasi ghali, dada."

"Lakini mashine yako isivute mbili mbili."

"Hii ni mpya."

"Hata ile ilikuwa mpya."

*

Jumamosi uwanja ulijaa. Kila aliyeingia alipewa kijitabu cha ratiba, kazi iliyochapwa na Bwana Ngwali, aliyeshinda zabuni kwa kuwa wenzake waliogopa kuomba. Wizara ilikuwa imekikagua kijitabu kwa makini: ilihesabu picha za Rais kwenye nakala ya kwanza, ikazikuta kumi na sita, ikapitisha.

Rais alikaa, nyasi mapajani, kiatu cha kulia kimevuliwa. Daktari Mkuu alikuwa amekwisha kata kucha mbili na mizinga miwili imelia, Waziri alipomsogeza Bi Salhina kwenye kipaza sauti.

Alisoma polepole. "Mimi, raia mwema, nathibitisha kwamba ukurasa usiokuwepo..."

Akaikunja ile karatasi ya Waziri.

"Nimefanya kazi posta miaka thelathini na moja," alisema. "Sijafungua barua ya mtu. Na barua ya mtu ikifika, hata iwe ya msiba, sijaificha. Ilikuwa inauma, lakini niliipeleka." Akatoa karatasi ya Sikitu na kalamu. Akaandika sifuri kubwa juu ya selotepu. "Sikitu wangu alikufa Daraja la Kamba. Wale yatima sikuwatoa mimi. Miaka ishirini na saba nimekunywa chai ambayo si yangu, na nilikuwa naipenda. Nawaombeni radhi, na wa kwenu nao wamekufa. Barua yenyewe iko ndani ya vijitabu vyenu, katikati."

Kisha akamgeukia Rais, akainamisha kichwa kwa adabu kama mtu anayekabidhi kifurushi dirishani. "Na ya kwako, mheshimiwa, iko upande wa pili."

Kipaza sauti kikazimwa. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, haraka kidogo. Lakini watu elfu arobaini walikuwa wamekwisha kuinamisha vichwa, wanasoma, wanageuza, wanasoma tena.

*Rais akimaliza vipindi viwili, basi* atakabidhi funguo na kurudi kwao. Ndivyo ukurasa wa kumi na nne ulivyomalizia sentensi ya ukurasa wa kumi na tatu. Chini yake, kichwa cha habari: *Wanyama Kazi wa Serikali.* Na mstari wa mwisho kabisa: *Punda akimaliza miaka mitano ya kubeba maji,* na ukurasa wa kumi na tano, ule ambao kila mtoto wa shule anaukariri: *atapewa nyasi mbichi, atakatwa kwato, na ataendelea na kazi hadi aanguke mwenyewe.* Kuhusu hilo neno kwato, niliambiwa, wanasheria walikaa semina ya wiki tatu hotelini mpaka wakakubaliana kwamba maana yake ni kucha za kiongozi.

Alianza kucheka mtu mmoja, jukwaa la mashariki. Mwanamke, nadhani. Halafu safu yake. Halafu upande mzima. Rais, ambaye hakupewa kijitabu, akadhani ni shangwe, akainua nyasi juu kwa mikono miwili.

*

Walimkamata Bi Salhina, bila shaka, lakini kosa halikupatikana haraka. Mwishowe wakamshitaki kwa kuua shujaa bila kibali. Hakimu, naye ana meza yake ya Ijumaa, aliomba kuona ukurasa wa 88, akausoma mara mbili, akainama kidogo kama anayemkumbuka mtu wake, akasema, "Mshitakiwa hakuua. Alitoa taarifa ya kifo. Nenda nyumbani, mama."

Jumamosi iliyofuata walimzika Sikitu mezani. Mwalimu Bahebe alisimulia mazishi hadi sauti ikakauka. Kisha Bi Salhina akachukua karatasi mpya, nyeupe, isiyo na tundu, akaanza shujaa mwenye shoka moja na uhai wa tatu. Lango la Zimwi liko mbali tena. Safari hii chai ilimiminwa mchezo ulipokwisha.

Programu ya Wizara ilizimwa kwa matengenezo, na waliolipia wanaendelea kulipia matengenezo.

Ama Rais, yeye hakwenda kokote. Serikali ilitangaza kwamba suala la kurasa linafanyiwa utafiti. Lakini asubuhi ya kwanza baada ya sherehe, mbele ya geti la Ikulu lilikutwa fungu moja la nyasi mbichi, limefungwa vizuri kwa kamba. Asubuhi ya pili, mafungu mia mbili. Waziri Chambilecho alitoka redioni kuwashukuru wananchi kwa ishara hiyo ya upendo. Wananchi walipoona zinapokelewa vizuri wakaleta kwa mikokoteni.

Siku ninaondoka nilipita pale. Rundo lilikuwa limeuzidi ukuta, na geti, ambalo hufungukia nje, lilikuwa halifunguki tena. Wizara ya Mifugo ilikuwa imetangaza inatafuta haraka punda wa Serikali wa kuzila. Wakaambiwa hakuna. Wa mwisho alianguka mwenyewe zamani, alikuwa amefanya kazi mno.